Mbuzi wa Kukodi na Mchungaji Asiyeonekana

Mtu akikubaliana bei na mwenzake, kisha akailipa yote na kwa wakati, je, amemaliza wajibu wake mbele za Mungu? Wengi wetu tungejibu upesi kwamba amemaliza. Alichonunua amekilipia, hadaiwi na mtu. Katika insha hii tunaomba tulitazame swali hilo polepole, tukitumia biashara moja ambayo kwa wengi itasikika kama mzaha: kukodi mbuzi kwa njia ya intaneti ili waje kula magugu.

Kwetu mbuzi ni mali ya nyumbani. Mbuzi ni ada ya shule, ni sehemu ya mahari, ni kitoweo cha Krismasi, ni faini mbele ya wazee. Tumezoea kwamba mwenye mbuzi ndiye anayehangaika kutafuta malisho, na wakiingia shambani kwa jirani ni yeye anayelipa. Huko Marekani jambo hili limegeuzwa: mwenye ardhi ndiye anayemlipa mwenye mbuzi ili waje wale. Mwaka 2009 kampuni ya Google, kwenye makao yake ya Mountain View katika jimbo la California, ilikodi mbuzi wapatao 200 wakae kama wiki moja wakila majani na vichaka mahali pa mashine. Mwaka 2013 mbuzi walipelekwa kwenye makaburi ya kihistoria yaitwayo Congressional Cemetery, mjini Washington, kula mimea yenye sumu iliyokuwa ikiisonga miti. Mwaka 2015, Amazon ilipofungua soko lake la huduma za nyumbani, kukodi mbuzi kulikuwa miongoni mwa huduma zilizotangazwa, bega kwa bega na mafundi bomba na watu wa kufunga televisheni ukutani. Mteja anaeleza alipo, ukubwa wa eneo, mteremko wake na aina ya magugu. Anapewa makadirio, analipa, na kazi ikiisha anatoa nyota za kusifu au kulaumu.

Tusiwacheke watu hawa. Kazi yenyewe ni ya maarifa. Kila mnyama ana chakula anachokipenda: ng'ombe hupenda nyasi, kondoo hupenda nyasi fupi na majani laini, na mbuzi huinua kichwa kutafuta matawi, miiba na vichaka. Mbuzi hula hata mimea ambayo mtu akiigusa ngozi humvimba. Hupanda miteremko ambayo trekta lingebingirika. Mashine ya kukata majani ikigonga jiwe wakati wa kiangazi hutoa cheche inayoweza kuwasha nyika nzima, lakini meno ya mbuzi hayatoi cheche. Dawa za kuua magugu huweza kuingia mitoni, lakini mbuzi huacha samadi. Hata hivyo wakiachwa siku mbili tatu zaidi ya kiasi, watabandua magome ya miti na kuuacha udongo uchi usubiri mvua iubebe. Kwa hiyo huzungushiwa uzio wa wavu wenye umeme, wakala sehemu moja, kisha wakahamishiwa nyingine kwa wakati wake. Siri yote ya kazi hii ni kujua idadi ya wanyama, aina yao, na siku ya kuwaondoa.

Tunao msemo kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Bahati mbaya wengine huutumia msemo huo kuhalalisha rushwa. Hapa tunaona maana yake nzuri zaidi: mbuzi yule yule anaweza kuwa jangwa au kuwa baraka, kutegemea hekima ya aliyeshika kamba.

Na baraka yenyewe si ndogo. California ina kiangazi kirefu, na vichaka vikikauka huwa kama petroli. Novemba 2018 moto uliuteketeza mji wa Paradise, na watu 85 wakafa. Mwaka uliofuata, katika mji wa Simi Valley, kundi la mbuzi wapatao 500 lilikuwa limetangulia kula vichaka kuzunguka maktaba ya Rais Ronald Reagan. Moto ulipokuja mwezi Oktoba, mkanda ule uliokuwa umeliwa uliwasaidia wazimamoto kuiokoa. Basi anayekodisha mbuzi anauza kitu cha thamani, na anayenunua ananunua usalama wa nyumba yake na wa jirani zake. Biblia haidharau biashara ya namna hiyo. Lidia aliuza zambarau, Paulo alishona mahema. Hakuna dhambi katika kuuza huduma njema, wala katika kuitangaza mahali watu wanapoweza kuiona, na siku hizi mahali hapo ni mtandaoni.

Swali letu linaanzia penye picha. Ukurasa wa soko la mtandaoni huonyesha mbuzi. Wanapendeza: weupe, weusi, wenye madoa, wamesimama juu ya jiwe. Huonyesha bei na nyota. Mara nyingi asiyeonyeshwa ni mtu anayelala nao.

Maana mbuzi hawajichungi. Katika California wengi wa wanaowachunga ni wanaume kutoka Peru, waliokuja kwa kibali cha muda cha kufanya kazi za mashambani, wameacha wake na watoto ng'ambo ya bahari na milima. Mmoja huangalia mamia ya mbuzi. Hulala katika kijumba cha magurudumu karibu na kundi. Usiku akisikia mbwa wakibweka huamka, kwa kuwa huenda mbweha wa nchi ile wamefika, au umeme wa uzio umekatika, au mbuzi mmoja ametoka na wengine wanamfuata kuelekea barabara kuu. Hana Jumapili kama yetu. Yeye ndiye anayetazama kichaka na kusema, hapa panatosha, kesho tuhame. Ile hekima ya kamba tuliyoisifu ni yake. Lakini nyota hupewa mbuzi.

Na malipo yake yamekuwa na mabishano makubwa. Kwa muda mrefu wachungaji hawa walilipwa kwa mwezi, si kwa saa. Mwaka 2016 California ilitunga sheria ya kuwapa wafanyakazi wa mashambani malipo ya saa za ziada kama wafanyakazi wengine, itekelezwe hatua kwa hatua kuanzia 2019. Ilipofika kwa wachungaji wa mbuzi, hesabu ikawa ngumu. Mtu ambaye wakati wowote anaweza kuitwa na kundi lake, je, yuko kazini saa ngapi? Wiki ina saa 168. Mwaka 2023 wenye mbuzi walisema kwamba kila saa ikihesabiwa, mshahara wa mchungaji mmoja ungefika kama dola 14,000 kwa mwezi, nao wangelazimika kuuza mifugo yao na kuiacha milima irudie vichaka vyake. Watetezi wa wafanyakazi nao wakasema kwamba hakuna haki katika kumweka mtu macho usiku na mchana kisha kumlipa kana kwamba usiku haupo. Bunge la jimbo likalazimika kuliingilia jambo hilo.

Hatuwezi kukaa huku mbali tukajifanya mahakimu wa dola na senti za watu wengine. Wenye mbuzi si Farao, wengi wao ni wafugaji wenye madeni. Wachungaji nao si watoto, walisafiri kwa hiari kwa sababu fedha ile huko kwao hujenga nyumba na kusomesha. Ila mabishano haya yamefunua jambo linalotuhusu wote: bei iliyokuwa ikionekana nafuu ilikuwa na usiku wa mtu ndani yake, na aliyeilipa hakuuona.

Sasa turudi kwenye swali. Yapo majibu mawili ambayo watu wema huyatoa.

La kwanza ni hili: kulikuwa na mapatano. Mteja alikubaliana na mwenye mbuzi, mwenye mbuzi alikubaliana na mchungaji, kila mmoja alipewa alichoahidiwa. Anayesema hivyo anaweza hata kutukumbusha mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu, Mathayo 20, ambapo bwana wa shamba aliwaambia walalamikaji kwamba hakuwadhulumu, kwa kuwa walipatana dinari. Lakini tuusome mfano huo kwa makini. Bwana yule alitoka mwenyewe alfajiri. Akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Aliwaona watu wamesimama, akawauliza kwa nini wamekaa bila kazi, akasikia jibu lao. Na alipovunja desturi ya mshahara, aliivunja kwa kumwongezea yule wa mwisho. Mapatano katika mfano ule yalifanywa uso kwa uso na mtu aliyekuwa na huruma. Hatuwezi kuyachukua mapatano tukaacha uso.

Jibu la pili ni kwamba haya ni mambo ya serikali. Kuna sheria za kazi, kuna wakaguzi, kuna mahakama, na mteja wa kawaida hawezi kuchunguza maisha ya kila aliyegusa kitu anachokinunua. Chumvi imepita mikono mingapi? Shati limeshonwa na nani? Jibu hili lina uzito, nasi hatutaki kumtwika mtu mzigo asioweza kuubeba. Mungu hamdai mtu asichoweza kukijua. Hata hivyo jibu hili halitufikishi mbali katika habari ya mbuzi. Shati limeshonwa nchi nyingine, lakini mchungaji huyu amelala hatua mia kutoka dirishani mwa mteja, juu ya kilima cha mteja, akilinda mbuzi wanaoiokoa nyumba ya mteja. Ni jirani kwa maana zote za neno. Kinachomzuia asionekane si umbali. Amefichwa na namna mauziano yalivyopangwa, ambapo kila kitu kinachohitajika kimekwisha kuulizwa na kujibiwa kabla hajafika.

Katika Luka 10, kuhani na Mlawi hawakulaumiwa kwa watu waliojeruhiwa katika miji ya mbali. Walilaumiwa kwa huyu mmoja aliyekuwa njiani mwao, wakapita upande wa pili. Hapo ndipo tunapopata kipimo. Wajibu wetu hupimwa kwa ukaribu na kwa uwezo. Pale ambapo swali dogo lingetosha kumfunua mtu, kutokuuliza ni namna ya kupita upande wa pili.

Maandiko yana sauti ya mchungaji wa kuajiriwa, na inafaa tuisikilize. Ni sauti ya Yakobo katika Mwanzo 31. Baada ya miaka 20 ya kumchungia Labani, anasimama na kusema yote. Mchana jua lilimla, usiku baridi, usingizi ukamkimbia. Mnyama aliyeraruliwa hakumpelekea mwenye mali, hasara aliibeba mwenyewe. Na mshahara wake ulibadilishwa mara kumi. Labani hakuwa mtu asiyelipa. Alilipa. Alikuwa na mapatano, tena mengi. Kosa lake lilikuwa kwamba katika miaka yote 20 aliliona kundi likiongezeka na hakumwona Yakobo akiisha. Na katika maneno yale Yakobo anasema kwamba kama Mungu wa baba yake asingekuwa upande wake, angeondoka mikono mitupu. Mungu aliyaona mateso yake na kazi ya mikono yake. Aliyefichwa machoni pa Labani hakufichwa machoni pa Mungu.

Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema jambo linalofanana na hilo kwa matajiri wa siku zake: ujira uliozuiliwa wa watu waliovuna mashamba yao unapiga kelele, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Tuangalie kwamba wanaolia huenda hata hawakusikiwa na mwenye shamba. Nyumba yake ilikuwa mbali, alikuwa na msimamizi. Msimamizi wa zamani alikuwa mtu. Wa leo anaweza kuwa programu katika simu. Lakini sikio linalosikia ni lile lile.

Hapo ndipo tunapofika kwenye neno ambalo limetumiwa vibaya kwa muda mrefu. Katika Yohana 10 Bwana Yesu anamtofautisha mchungaji mwema na mtu wa mshahara, ambaye humwona mbwa mwitu akakimbia. Wapo wanaolisoma neno hilo kama dharau kwa kila anayefanya kazi kwa kulipwa. Sivyo. Bwana hakulaumu mshahara. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Alilaumu moyo usiojali. Mwanamume wa Peru anayetoka na tochi saa nane ya usiku mbwa wanapobweka analipwa mshahara, lakini hakukimbia. Tukitafuta mtu wa mshahara kwa maana ya Yohana 10, yaani yule ambaye kujali kwake kunaishia pale fedha inapoishia, tunaweza kumkuta upande wa pili wa mauziano. Anaweza kuwa ndiye anayelipa. Amebonyeza, fedha imetoka, jambo limekwisha, na kundi pamoja na mchungaji wake si habari yake tena.

Kwa hiyo tunasema hivi. Bei humaliza deni la kitu, haimalizi deni la mtu. Tukinunua mbuzi sokoni, tukilipa tumemaliza na mbuzi. Tukinunua kazi, ndani yake kuna usiku wa mtu, mgongo wake na watoto wake wanaomsubiri. Hivyo havikuwekwa sokoni, na kwa hiyo havikulipiwa. Tunavidaiwa kwa namna nyingine: kumjua kuwa yupo, kuuliza kama anatendewa haki, kuwa tayari kulipa zaidi jibu likihitaji hivyo, na kumheshimu.

Ndugu msomaji, usiseme haya ni ya California. Wengi katika sharika zetu za mjini wana ng'ombe au mbuzi kijijini. Kuna kijana anayewachunga. Mwisho wa mwezi tunamtumia fedha kwa simu, ujumbe unarudi kwamba muamala umekamilika, nasi tunatulia. Tukipiga simu tunauliza: Ng'ombe wazima? Yule mwekundu amezaa? Mvua zimenyesha? Ni maswali mazuri, lakini tuyahesabu: mangapi yanamhusu kijana? Je, ana viatu vya kuvukia miiba? Anakula nini saa saba mchana akiwa porini? Akiumwa nani anachunga? Ana umri gani, na je, alipaswa kuwa darasani? Mnyama akiliwa na fisi, hasara inakatwa kwenye mshahara wa nani? Hilo la mwisho ndilo Yakobo alilomwambia Labani.

Tunapendekeza mambo matatu madogo ambayo hata mtu wa kipato cha chini anaweza kuyatenda. Kwanza, kila tunapokodi kazi, iwe kwa mdomo au kwa simu, tujue jina la anayeifanya. Bwana alisema mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina. Ni aibu kama tunayajua majina ya ng'ombe na la mchungaji hatulijui. Pili, tuulize swali moja ambalo halikuandikwa katika mapatano: usiku wako ukoje? Tatu, bei ikiwa nafuu mno, kabla hatujafurahi tuulize nani ameibeba nafuu hiyo. Pengine hakuna, na ni hekima tu ya mbuzi. Pengine yupo.

Haya hayataondoa mabishano ya sheria na hesabu. Wabunge watunge sheria na wenye mifugo wafanye hesabu zao, kwa kuwa biashara iliyofilisika haimlipi mtu yeyote. Lakini sheria hupanga kiwango cha chini, na upendo huanzia hapo kwenda juu.

Lugha yetu imetupa zawadi. Kwa neno moja, mchungaji, tunamtaja anayesimama madhabahuni Jumapili na anayesimama porini nyuma ya mbuzi. Wa kwanza tunampokea kwa mikono miwili, tunamkaribisha kiti cha mbele, tunamwandalia kuku. Hatusemi apunguziwe heshima hiyo. Tunasema tu kwamba jina lenyewe lilitoka porini, na Bwana wetu alipotaka kujieleza kwetu alilichukua huko. Usiku ule wa Bethlehemu, walioletewa habari kwanza walikuwa watu waliokuwa macho kondeni, wakilinda kundi kwa zamu. Mjini watu walikuwa wamelala. Malaika alijua pa kuwakuta wachungaji, hakuhitaji kuuliza. Na sisi tujitahidi kujua walipo hawa wanaokesha kwa ajili yetu, tuwaulize hali zao, na tuwalipe kama watu wanaoonwa na Mungu.